Kuirudisha Barabara Mgongoni
Hotuba ya Kamati ya Barabara katika Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu Mwenyekiti, wazee wetu mliopanda basi la alfajiri Lushoto mkaja kukaa nasi hapa Dar es Salaam, mama zetu, kaka na dada, na ninyi mtakaoyasoma haya kwenye kijitabu mkiwa Tanga, Arusha, Muscat au Toronto kwa sababu zamu ya kazi haikuwaruhusu kuja.

Kamati imepewa dakika ishirini, na tumeahidi kutokula dakika za chakula. Kwa hiyo tunaanza na ombi lenyewe. Mwaka huu hatuwaombi fedha za greda. Tunawaomba fedha za kuihamisha barabara: kuitoa bondeni inakopita leo na kuirudisha juu mgongoni, ipite gulio la zamani, shule na zahanati, kisha ishuke taratibu kuungana na barabara ya Malindi. Na ndani ya fedha hizo tunaomba kitu ambacho chama chetu hakijawahi kukichangia tangu kianze: fidia kwa watu ambao mstari mpya utapita kwenye migomba yao, kwenye kahawa yao na, kwa nyumba chache, chumbani mwao.

Tunajua neno fidia halichangamshi ukumbi. Darasa lina picha yake, kisima kina picha yake, mtu hukata utepe na jina lake likaandikwa ukutani. Hakuna aliyewahi kukata utepe mbele ya mzee aliyelipwa migomba yake. Tunaomba mtuvumilie tueleze kwa nini fedha hiyo ndiyo ya kwanza, na greda ndilo la mwisho.

Barabara tuliyo nayo mnaijua wote. Inaanzia njia panda, inafuata kijito, inakatiza bustani za kabichi na karoti, na inapofika mwisho wa bonde haina pa kwenda ila juu. Hapo inapanda ghafla kupitia ile kona ya mawe. Kiangazi gari hupanda kwa kulia. Masika halipandi kabisa. Fuso lililokuja kuchukua mboga linasimama njia panda, na kila kilichoko juu kinateremshwa kichwani au kwa bodaboda: matenga ya nyanya, magunia ya viazi, na plamu zilizoiva ambazo hazimsubiri mtu. Bodaboda anadai chake, mpakiaji anadai chake, na dalali, ambaye anaona wazi kuwa mzigo ukishashuka hauwezi kurudi juu, anataja bei anayoitaka yeye. Halafu anataka na lumbesa. Mkulima aliyelala na kabichi zake kando ya barabara usiku mzima wa mvua hana ubavu wa kubishana na mtu mwenye gari. Watu husema barabara mbaya inaleta umaskini, na wengi hudhani maana yake ni vumbi na matope. Kwetu maana yake ni kwamba mkulima amenyang'anywa nafasi ya kusema hapana.

Kuhusu machela hatutasema mengi. Wapo humu ukumbini waliobeba, na yupo aliyebebwa.

Greda hupita karibu kila kiangazi, na barabara hupendeza mpaka mvua ya kwanza. Kosa si la greda wala la dereva wake. Barabara imelazwa mahali ambapo maji nayo yanataka kupita, na kati ya hao wawili maji ndiyo yenye haki ya kuzaliwa pale. Maji ya milima miwili yanashuka bondeni, yanakutana na barabara, yanaifanya mfereji. Pale kona ya mawe hali ni mbaya zaidi kwa sababu ya mwinuko. Mafundi wa barabara watawaambia kwamba mwinuko ukizidi asilimia 10 au 12, changarawe haikai. Kila mvua inaiteremsha, na kila gari linaloteleza linaisukuma zaidi. Dawa yake ni ama kumwaga zege, ama kuurefusha mwendo ili mwinuko upungue.

Hesabu hii ni ya darasani, vijana watusahihishe. Chukueni kilima cha kupanda mita 240. Ukikipanda kwa asilimia 12, yaani mita 12 juu kwa kila mita 100 za mwendo, unahitaji kilomita 2. Ukikipanda kwa asilimia 8 unahitaji kilomita 3. Kilomita ile moja ya ziada ndiyo inayoamua kama Fuso lenye mzigo litafika au litaita watu wa kusukuma. Angalieni barabara yetu kubwa ya Mombo hadi Lushoto: inapanda karibu mita 1,000, lakini imejipa kilomita 30 na ushei za kujizungusha, ndiyo maana mabasi hupanda na kushuka kila siku. (Mawe yanayoporomoka pale korongoni Soni wakati wa masika ni habari nyingine, ile barabara imechongwa ubavuni mwa mlima, na ubavu hauchoki kujikuna.) Kule bondeni kwetu hakuna mahali pa kujizungusha. Mwisho wa bonde ni ukuta. Ukitaka mwendo mrefu na mwinuko mdogo, lazima uanze kupanda mapema, ushike mgongo wa mlima, uufuate.

Na mgongo, ndugu zetu, si wazo geni. Wazee wetu walijenga juu ya migongo. Njia zao za miguu zilipita juu, maji yakamwagika pande zote mbili, na bonde likaachiwa bustani. Gulio letu lilikuwa juu kwa sababu watu walikuwa juu. Barabara ya gari ilipochongwa kwa kufuata kijito, gulio lilianza kufa polepole, duka baada ya duka, na biashara ikateremka njia panda ambako gari lilisimama. Mabanda ya juu yamebaki na nguzo. Jengo la ushirika limebaki na kuta, na popo. Shule na zahanati hazikuweza kuteremka, zimebaki juu, na kila tofali la kuzikarabati linapanda kwa kichwa.

Hili la barabara kuhama na neti ya watu kuhama nayo halikuanza na sisi. Historia ya Usambaa imejaa mfano huo. Burton na Speke walipokuja mwaka 1857 kumwona Kimweri ye Nyumbai, walipanda hadi Vuga, kwa sababu Vuga, juu ya mgongo, ndiyo ilikuwa nchi yenyewe. Kimweri alipofariki katika miaka ya 1860, mwanawe Semboja hakuhangaika kukaa Vuga. Alikaa Mazinde, kule chini nyikani, kandokando ya njia ya misafara. Bidhaa zilipita mlangoni kwake, bunduki zilipita mlangoni kwake, na haikuchukua muda aliyekaa Mazinde akawa na nguvu kuliko aliyekaa Vuga. Kisha ikaja reli kutoka Tanga, ikafika Mombo mwaka 1905, na Mombo ikawa mlango wa milima yote. Wajerumani walipotaka mbao za Shume, walitandika waya wa kuziteremsha hewani hadi Mkumbara zikutane na reli, na Mkumbara ikapata siku zake za neema. Waya ulipokoma, neema ikakoma. Leo ukiwauliza watoto wa shule habari za ule waya, wengi watadhani unawatania.

Tunayasema haya kwa sababu mbili, na ya pili ndiyo nzito. Ya kwanza: mkituuliza kama barabara ikipita gulio la zamani gulio litafufuka, jibu letu ni kwamba hatujaona mahali ambapo barabara ilihama na biashara ikagoma kuifuata. Gari likifika juu, mboga itapakiwa juu. Mkulima atauza mlangoni kwake, na dalali atamfuata yeye. Jengo la ushirika likiezekwa linaweza kuwa kituo cha kukusanyia mazao, chenye mizani, na mizani ndiyo adui wa lumbesa. Walimu na waganga wanaopangiwa kwetu wataweza kufikisha vitanda vyao.

Ya pili: neema inayopanda juu inatoka mahali fulani. Inatoka njia panda. Pale njia panda wapo watu waliojenga maduka kwa jasho lao. Yupo mama anayepika chai na mihogo kwa wapakiaji, wapo vijana wa bodaboda ambao ubovu wa barabara ndio ajira yao. Hao si maadui wa maendeleo. Ni ndugu zetu waliofuata barabara ilipokwenda, kama Semboja, ila bila bunduki. Walikuja kwenye kikao cha kijiji wakauliza swali moja: sisi je? Kamati inaliona hilo kuwa swali bora kuliko yote yaliyoulizwa siku ile, ingawa lilipokewa kwa minong'ono.

Jibu tulilokubaliana nalo, na ambalo tunaomba mkutano huu uliridhie, ni hili. Barabara ya bondeni haitafungwa. Itabaki njia ya bustani na ya bodaboda, na haitakuwa na mzigo wa malori wa kuikata. Vibanda vya gulio la juu vitakapogawiwa, wenye biashara njia panda watachagua kwanza, kabla ya mtu yeyote wa humu ukumbini. Na wale ambao maduka yao yako ndani ya mstari mpya pale unapoanzia watahesabiwa katika fidia pamoja na wenye mashamba.

Sasa tuingie kwenye fidia yenyewe, maana hapa ndipo tulipokaa muda mrefu zaidi, vikao vingine hadi saa sita usiku.

Wako wanachama, na ni wanachama wazuri, wanaosema: barabara ni ya wote, kwa hiyo kila mmoja atoe kipande chake bure kama wazee wetu walivyofanya kwenye shule. Hoja hiyo ina uzito. Shule ile ilijengwa kwa mawe ya kubebwa mgongoni na ardhi iliyotolewa kwa moyo. Lakini shule ilikuwa kiwanja kimoja, cha ukoo mmoja, uliokuwa na ardhi ya kubaki nayo. Barabara ni utepe. Inapita kwa huyu ikamgusa ukingo wa shamba, inapita kwa yule ikamla nusu ya alichonacho. Mjane mwenye robo eka mgongoni akitoa bure, ametoa chakula cha watoto wake. Sisi wenye mishahara mjini tukitoa makofi, tumetoa makofi.

Sheria nayo iko wazi. Katiba yetu, ibara ya 24, inasema mtu hanyang'anywi mali yake bila fidia inayostahili. Ardhi ya kijiji ina Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, na uamuzi wa kuigusa unapita kwenye mkutano mkuu wa kijiji, hauishii mezani kwa mwenyekiti wala kwa kamati kama hii. Uthamini unafanywa na mthamini mwenye usajili na kuidhinishwa na Mthamini Mkuu wa Serikali. Hauhesabu udongo peke yake. Unahesabu mimea iliyopo, jengo, usumbufu, usafiri, na makazi kwa anayehamishwa. Makaburi yana utaratibu wake tangu Sheria ya Kuhamisha Makaburi ya mwaka 1969, na hapa tuseme kabisa ili wasiwasi uishe: mstari umepindwa mara mbili kukwepa makaburi, na mpimaji ameambiwa apinde na mara ya tatu ikibidi.

Lakini hata kama sheria isingesema kitu, kumbukumbu yetu wenyewe inatosha. Wazee mliopo hapa mnaikumbuka habari ya matuta, au mlisimuliwa na waliopigwa faini. Baada ya Vita Kuu ya Pili, serikali ya Waingereza ilianza mpango wa kuhifadhi udongo kule Mlalo, kisha ikausambaza Usambara. Watu walilazimishwa kuchimba matuta kwenye miteremko. Wataalamu waliokuja nao hawakuwa wajinga. Udongo ulikuwa unashuka kweli, na unashuka hadi leo. Ila aliyechimba alikuwa mwanamke aliyeachiwa shamba, aliyeamuru alikuwa mtu mwingine, na hakuna aliyemuuliza mwenye shamba chochote. Katika miaka ya 1950 mpango ukakataliwa, ukafa. Zaidi ya miongo miwili ikapita kabla mradi wa SECAP haujaanza mwaka 1981 kuzungumza tena na wakulima kuhusu makinga maji na majani ya gwatemala, safari hii kwa maelewano, na majani hayo mtayaona mpaka leo kwenye kingo za mashamba yetu.

Wazee walikuwa na neno la jambo hili. Kuzifya shi: kuitengeneza nchi, kuiponya. Na walikuwa na kinyume chake, kubana shi, kuiharibu. Walipopima utawala, walipima kwa hayo mawili: mvua inanyesha, watu wanashiba, hakuna anayeonewa, au njaa, uonevu na ugomvi. Barabara inayopita juu ya ugomvi, kwa kipimo hicho, iko upande gani? Mtu aliyepokonywa shamba ataziba mtaro. Hatafanya hivyo mchana, atafanya usiku mmoja wa mvua, kwa jembe moja, na kazi ya mamilioni itakwenda na maji. Atakayeulinda mtaro ni yule aliyelipwa akaridhika.

Kuna jambo lingine ambalo kamati imeombwa na baadhi ya watu ilinyamazie, nasi tumekataa. Tangu habari za mstari mpya zianze kuvuma, viwanja kadhaa mgongoni vimebadilisha mikono. Baadhi ya walionunua ni wanachama wa chama hiki, wapo hapa, na hakuna sheria waliyovunja. Lakini mtu hawezi kukaa kwenye kamati inayopendekeza mstari upite wapi, akawa na kiwanja kwenye mstari, na akasimama kwenye foleni ya fidia inayochangwa na mama anayeuza vitumbua Manzese. Kwa hiyo tumetengeneza fomu. Kila mjumbe wa kamati ameijaza, na majina yamebandikwa pale ukutani, karibu na ramani. Fomu inasema mtu ana ardhi gani ndani ya eneo la mradi, aliipata lini, na kama aliipata baada ya kikao cha kwanza cha mstari mpya, anaachia fidia ya ardhi hiyo. Jengo lake kama lipo atalipwa. Udongo hapana, udongo utakaobaki pembeni ya barabara utapanda thamani yenyewe, na hiyo inamtosha. Tunawaomba wanachama wengine wote nanyi mjaze leo. Fomu iko kwa Katibu, haina maneno magumu.

Mtauliza, na wengi mmeshatuuliza kwa simu: serikali iko wapi? Ipo, na hatufanyi jambo lolote nje yake. Barabara yetu ni ya wilaya, iko chini ya TARURA, wakala ulioanzishwa mwaka 2017 kusimamia barabara za vijijini na mijini. Mtandao wao nchi nzima ni zaidi ya kilomita 144,000. Tangu mwaka wa fedha 2021/22 kila lita ya petroli na dizeli iliongezewa shilingi 100 kwa ajili ya barabara hizo, kwa hiyo hata ninyi mliokuja na magari mmeshachangia kabla hamjafika mlangoni. Lakini gawanyeni fedha hizo kwa kilomita hizo, mtaelewa kwa nini meneja wa barabara wilayani akiwa na chaguo kati ya kuchonga barabara iliyopo na kuanzisha mpya yenye madai ya fidia, atachonga iliyopo. Nasi tungekuwa kwenye kiti chake tungefanya hivyo. Anachoweza kukipangia bajeti ni barabara ambayo mstari wake umepimwa, mchoro upo, kijiji kimeridhia kwa muhtasari, na hakuna mtu anayedai. Hicho ndicho tunachotaka kumpelekea. Chama kikimaliza upimaji na fidia, tumemwondolea sababu ya kusema subirini.

Wapo pia wanaosema tungoje lami. Lami siku moja itakuja. Ila lami hufuata mstari uliopo, na ikikuta mstari uko bondeni itamwagwa bondeni, na hapo gulio la juu litakuwa limezikwa rasmi. Huu mstari ni wa kuamuliwa kabla ya lami.

Kuhusu ujenzi wenyewe tutasema kidogo, mhandisi wetu wa kujitolea atajibu maswali mezani. Mitaro inajengwa kabla ya changarawe. Pale mstari unapovuka vijito viwili, tunapendekeza makalavati na daraja la mawe, kwa sababu mawe tunayo, mafundi wa kuyachonga tunao, na TARURA yenyewe imekuwa ikijenga madaraja ya mawe katika mikoa mbalimbali kwa gharama ndogo kuliko ya zege. Kingo zitapandwa gwatemala. Kazi ya kupanda na ya kusafisha mitaro kijiji kimeipokea kama msaragambo, na ratiba ya vitongoji imeshaandikwa. Hatutaki mtu wa mjini alipie kazi ambayo kijiji kimesema kitaifanya. Hilo nalo ni kuwavunjia heshima.

Sasa fedha. Makadirio yote yako kurasa za mwisho za kijitabu hiki, yamesainiwa, na hatutayasoma hapa maana tarakimu zikisomwa kwa sauti watu husinzia. Tunachotaka mkishike ni mpangilio wa matumizi. Fedha za kwanza zinalipa mpimaji na mthamini. Zinazofuata zote zinakwenda kwenye fidia, na zinalipwa kuanzia chini ya orodha: mwenye ardhi ndogo kuliko wote analipwa kwanza. Fidia ikikamilika ndipo mitaro na madaraja yaanze. Changarawe na greda tunakwenda kuziomba TARURA tukiwa na karatasi zetu mkononi. Kama michango haitafika, tutalipa fidia ya kipande cha kwanza, kutoka njia panda hadi shuleni, tusimame pale, na turudi kwenu mwakani. Hakuna mti utakaokatwa ambao mwenyewe hajalipwa.

Akaunti ya barabara ni tofauti na akaunti ya chama, inatolewa fedha kwa saini tatu, na moja ya saini hizo ni ya mwakilishi wa wenye mashamba, aliyechaguliwa na wao wenyewe kijijini. Yupo hapa leo, mzee, simama wakuone. Hundi yoyote asiyoielewa hataisaini, na ametuonya kwamba yeye ni mgumu kuelewa.

Hatutawaambia haba na haba hujaza kibaba, mmeisikia kila mwaka mpaka kibaba chenyewe kimechoka. Tunawaambia kwamba tumegawa mstari wote katika hatua za mita kumi kumi. Kila hatua ina namba kwenye ramani, na kila namba ina gharama yake ya fidia na ya mtaro. Familia inaweza kuchukua hatua moja. Darasa la waliomaliza shule pamoja wanaweza kuchukua tano. Waliochukua ukoo mzima hatutawataja kabla hawajalipa, maana tunawafahamu. Ahadi ziandikwe kwenye kadi ya kijani, fedha taslimu zipokewe kwa Mhazini peke yake na kwa stakabadhi, na wa mbali watumie namba zilizoko jalada la nyuma, wakiandika namba ya hatua waliyoichagua. Tarehe ya mwisho ya ahadi ni mwisho wa Ramadhani ijayo au Pasaka, itakayotangulia. Mpimaji anataka kuanza kupigilia mambo kiangazi, nyasi zikiwa fupi.

Ramani iko ukutani upande wa jikoni. Mstari mwekundu ni wa leo, wa bluu ni tunaoupendekeza, na vitone vyeusi ni nyumba. Wenye nyumba hizo wameonyeshwa ramani hiyo hiyo kijijini kabla yenu. Mkiona kitone mnachokijua na kina tatizo tusilolijua, msisubiri kikao, mwambieni Katibu kabla hamjanawa mikono.

Karibuni chakula.